Walimu Tisa

Onesmo alipiga simu saa nne asubuhi, wakati wa uji, na kwa jinsi alivyokuwa akicheka peke yake hata kabla ya salamu, Mwalimu Mariana akajua mumewe amefanya jambo.

"Mama Limi, kaa chini."

"Nikae wapi, Baba Limi? Viti vyote vina madaftari. Sema tu."

"Nimempata."

"Nani?"

"Mtu wa kubadilishana na wewe! Anafundisha hapa hapa Isaka. Kutoka kwetu mpaka shuleni kwake hata jasho halikutoki. Anaitwa Mwalimu Theonest. Mkewe anauza vitenge Katoro, kwa hiyo anataka kuhamia upande wenu. Jumatano namleta aone shule. Akiridhika, anasaini."

Mariana akakaa. Alikalia madaftari ya darasa la pili, masomo yote kwa pamoja, na hakusikia hata moja likimchoma.

Miaka mitano alikuwa akimtafuta mtu huyo. Maana ukishapangiwa shule yenye upungufu, kutoka si rahisi: lazima umpate mwenzako wa kuingia ulipotoka, kichwa kwa kichwa. Basi walimu wanatafutana kwenye makundi ya simu kama watu wanaotafuta wachumba. Nipo Geita, nahitaji Shinyanga, aliye tayari tuwasiliane. Wa kutoka Geita kwenda Shinyanga walikuwa wengi. Wa kuja Geita mjini, Kalangalala na kwenye taa, walipatikana mmoja mmoja. Wa kuja kwenye shule ya kijiji nje ya Nyarugusu, ambako vumbi la mawe ya dhahabu linaingia mpaka kwenye sufuria ya uji, huyo, Mariana alishaamini kwamba hata mama wa mtu wa namna hiyo bado hajaolewa.

"Umemwambia nini, Onesmo?"

Aliuliza hivyo kwa sababu alimjua. Onesmo alikuwa karani wa mizigo pale bandari kavu, na kazi yake ilikuwa kuandika vilivyomo ndani ya makontena bila kuyafungua.

"Nimemwambia ukweli. Shule iko jirani na barabara."

"Kilomita nne!"

"Barabara si ipo? Maji yapo."

"Kisima cha kanisa."

"Yapo. Na walimu mko tisa."

Mariana aliishika simu kwa mikono miwili. "Onesmo. Tuko wanne."

"Ulipokwenda huko si uliniambia mko tisa?"

"Mwaka ule!"

"Sasa mimi ningejuaje kama mnapungua?"

Angejua, kwa sababu aliambiwa, mmoja mmoja, kila alipoondoka. Watatu waliondoka wiki moja, mwaka ule wa uhakiki wa vyeti, na mmoja wao alikuwa akifundisha hesabu kuliko wenye vyeti halali wote. Wa nne alistaafu. Wakamnunulia godoro na keki, wakapiga picha, na kiti chake kikabaki cha kuwekea galoni la maji. Wa tano, Mwalimu Boaz, aliacha chaki kwa hiari yake, akanunua karasha la kusagia mawe. Walimu wakawa wanapungua kutoka juu na watoto wanaongezeka kutoka chini. Tangu ada ifutwe, kila Januari mstari wa kuandikishwa ulizunguka mti wa kengele na kurudi. Darasa la kwanza na la pili yalikuwa ya Mariana peke yake. Watoto mia mbili na kumi na moja.

"Basi mwambie ukweli huyo mzee," alisema.

Kicheko cha Onesmo kilikwisha. "Nikimwambia, haji. Na mama anahamia kwa dada mwisho wa mwezi, miguu imevimba, hawezi tena kukimbizana na Limi. Mimi zamu zangu unazijua. Mtoto wa miaka minane nimwache na nani, na malori? Mama Limi, wewe ndiye mwalimu. Fanya walimu wawe tisa, japo kwa Jumatano."

* * *

Mwalimu Mkuu Makoye alisikiliza mpaka mwisho, halafu akavua miwani akaifuta kwa tai. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayecheka kwa tumbo bila kutoa sauti.

"Bhebhe, wewe Mariana! Mimi naomba walimu watano wilayani tangu mwaka juzi, nakula chenga. Wewe unawataka kufikia Jumatano?"

"Siwataki, Mkuu. Nataka kuwaazima. Nusu siku."

"Watu au viti?"

"Watu."

Tumbo la Makoye likatulia. Aliangalia dirishani, kule ambako madarasa matatu yalikuwa yakisimamiwa na viranja wenye fimbo. "Ningesema hapana," alisema. "Lakini ulikuja hapa na mimba ya huyo mtoto, na mimi ndiye niliyekuwa nikikunyima ruhusa. Azima. Mimi sijaona."

Hivyo Mariana, mwenye stashahada ya ualimu na miaka tisa kazini, akatoka kwenda kuomba walimu kama anayeomba chumvi. Luka, mwinjilisti wa kanisa, alikubali kwa sharti kwamba asilazimishwe kusema uongo kwa mdomo wake. Fundi cherehani alikubali kwa sababu alikuwa na suti. Mke wa mwenyekiti wa kitongoji alikubali kabla hajaulizwa. Dorah, muuza vitumbua, aliweka mikono kiunoni.

"Madamu, mimi niliishia la saba. Hapo hapo shuleni kwako."

"Utakaa la tatu."

"La tatu naliweza," alisema Dorah baada ya kufikiri. "Nivae nini? Walimu mnavaa kama mna huzuni."

Kwa Boaz alikwenda mwisho, kwa miguu mizito. Karasha lilikuwa likinguruma na mwenyewe amekuwa mweupe kuanzia kope mpaka ndala. Alilizima ili asikie, akasikia, akacheka mpaka wasagaji wake wakageuka.

"Mnanidharau barabarani, leo mnanitaka! Si mlisema nimeuza chaki kwa mawe?"

"Tulisema, shem."

"Na wewe ulisema?"

"Mimi ndiye niliyesema kwa sauti."

Boaz akapangusa uso, vumbi likabaki kwenye mikunjo. "Nitapewa darasa gani?"

"La sita. La kwako."

"Chaki mnazo? Nisije nikaandika kwa kidole." Akaliwasha karasha tena kabla hajapata jibu, lakini Jumatano alikuwa wa kwanza kufika, amenyoa ndevu, na chaki zake mfukoni.

* * *

Saa tatu na nusu pikipiki mbili ziliingia uwanjani. Mariana, aliyekuwa amesimama barazani na gauni lake la ubatizo wa Limi, alitarajia wanaume wawili. Wakashuka watatu.

Onesmo alikuja mbio mbele ya wenzake, akitabasamu kwa meno na kuomba msamaha kwa macho. Nyuma yake alikuja Mwalimu Theonest, mzee mwembamba mwenye bahasha kwapani. Wa tatu alikuwa kijana wa shati jeupe na daftari gumu mkononi.

"Huyo nani?" Mariana alinong'ona.

"Afisa Elimu Kata," Onesmo alinong'ona pia. "Mzee kapitia ofisini kwake kujitambulisha. Nimemwambia twende moja kwa moja, akasema hawezi kuingia kwenye kata ya watu kama mwizi wa ng'ombe. Afisa naye akasema nafasi nzuri, tunafuatana."

Afisa wa zamani alijua shule hii ina walimu wanne kama alivyojua idadi ya meno yake. Lakini alishahamishwa. Huyu, Wiliam, alikuwa na wiki ya pili kwenye kata, na hii ilikuwa shule yake ya tatu kuiona.

"Shikamoo, Mkuu," Wiliam alimwambia Makoye kwa heshima. "Samahani kuvamia. Kuna walimu wapya wanakuja, kata yetu imepewa wawili. Nimeagizwa nisiandike kwa kuambiwa, nihesabu kwa macho. Wa serikali, wa kujitolea, wote: kila anayesimama mbele ya watoto. Wenye upungufu mkubwa ndio watakaowapata."

Makoye alisema marahaba. Alimtazama Mariana kama mtu anayetazama mfuko wake uliotoboka.

Wakazunguka madarasa. Na tuseme lililo haki: shule ilipendeza. Kila mlango waliopita ulikuwa na mtu mzima ndani, jambo ambalo watoto wa darasa la tatu hawakuwahi kuliona tangu wazaliwe. Dorah alikuwa amevaa miwani ya mtu.

"Nina vitumbua kumi," alikuwa akisema. "Mteja kachukua vinne. Vimebaki vingapi?"

"Sita!"

"Na mteja kalipa?"

"Hajalipa!"

"Yuko wapi?"

"Kakimbiaaa!"

Wiliam akatabasamu, akaandika. Darasa la nne walikuwa wamesimama wamefumba macho, Luka akiwaongoza kuimba. Hakusema uongo wowote. Hakusema kitu kabisa. Akaandikwa. Dirishani kwa darasa la sita Wiliam alisimama muda mrefu. Boaz alikuwa amechora pembetatu, mstari ulionyooka bila rula, na alikuwa akimsubiri msichana mmoja afikiri. Hakumharakisha. Darasa zima lilikuwa kimya, si kwa woga, kwa kutaka kujua.

"Huyu ni wa siku nyingi?" aliuliza Wiliam.

"Wa siku nyingi sana," alijibu Makoye.

Theonest naye alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Shule imetulia hii," alimwambia Onesmo. "Nilidhani huku ni mashimo matupu."

* * *

Ofisini waliketi. Galoni la maji lilikuwa limeondolewa kitini. Wiliam alihesabu kwa ncha ya kalamu, akafunga daftari.

"Tisa. Kusema kweli nimefurahi. Jirani zenu kule ng'ambo ya mto wako sita. Basi wale wawili nitawapeleka huko, ninyi mnaendelea vizuri."

Theonest alifungua bahasha yake, akatoa fomu tatu, akazipiga mezani ziwe sawa. "Mimi nimeridhika," alisema. "Nimekwisha saini upande wangu. Bado mama hapa, halafu mhuri wa Mkuu."

Onesmo alitoa kalamu mfukoni, akaifungua kifuniko, akampa mkewe kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto. Mariana akaipokea. Aliuona mstari wa saini. Aliiona Isaka: Limi akitoka shuleni, yeye akiwa tayari jikoni, Onesmo akiingia na harufu ya dizeli. Ni mambo madogo. Wengine wanayo bila kuyaomba.

Ndipo kelele zikaja kutoka upande wa pili wa uwanja, kubwa, za benchi lililoanguka na watoto wengi wanaocheka mmoja anayelia.

"Darasa gani lile?" aliuliza Wiliam.

"La pili," alisema Mariana. "Na la kwanza. Wako pamoja."

"La nani?"

"Langu."

Wiliam alicheka kwa wema. "Walimu tisa, bado kuna watoto wako peke yao! Wapangeni vizuri, Mkuu."

Makoye alivua miwani akaifuta kwa tai. Mariana alijua hatasema. Mkuu alishamwahidi kutoona, na hakuwa mtu wa kuvunja ahadi hata kama ingemvunja yeye. Kalamu ilikuwa kwenye karatasi tayari, imeacha nukta.

"Tuko wanne," alisema.

"Samahani?"

"Walimu, Afisa. Tuko wanne. Yule wa vitumbua ni muuza vitumbua. Anayeimba ni mwinjilisti. Wa la sita alikuwa mwalimu kweli, sasa ana karasha. Wote watano nimewaazima mimi."

"Mke wangu ana utani," Onesmo aliruka. "Hata nyumbani yuko hivyo."

"Sina utani."

"Mama Limi!"

"Ukiandika tisa, hatuletewi mtu. Mimi nitaondoka, na wale pale watabaki na Mwalimu Theonest, mia mbili na kumi na moja, mpaka atakapochoka. Andika wanne."

Uso wa Wiliam ulibadilika polepole, kama wa mtu anayegundua kwamba alicheka kwenye msiba. Alikuwa mdogo kwa Mariana kwa miaka kumi, na hilo lilizidi kumwumiza. "Mmenizungusha madarasani," alisema. "Nimemwandika mama wa vitumbua." Akafungua daftari, akakata namba kwa mistari miwili. "Wanne. Na kesho saa mbili asubuhi nataka barua za kujieleza mezani kwangu. Yako, na ya Mkuu. Zitakwenda kwenye majalada yenu."

"Ya Mkuu hapana, yeye hakujua..."

"Nilijua," alisema Makoye.

Theonest alizikusanya fomu zake. Alizikunja taratibu, si kwa hasira.

"Nina miaka hamsini na saba, mama," alimwambia Mariana. "Nimebakiza mitatu. Miaka kumi na miwili mke wangu yuko Katoro na mimi niko Isaka. Wangekuwa tisa, ningejikaza. Kwa watoto hao, Katoro ningepelekwa nimebebwa."

"Nisamehe, mzee wangu."

"Mkweli wewe. Ila umechelewa. Ungeniambia kwa simu, ningeokoa nauli na kunyoa." Akacheka kidogo peke yake, akatoka. Dorah alikuwa mlangoni na miwani mkononi, akiuliza kama sasa anaweza kwenda, maana mafuta ameyaacha motoni.

* * *

Barabarani, mahali pa kungojea gari, Onesmo alikaa juu ya jiwe na mgongo kwa mkewe. Gari lilikawia, kwa hiyo alilazimika kusema.

"Wale ni watoto wa watu."

"Najua."

"Limi ni wako."

"Najua, Baba Limi."

"Hujui. Ungejua, ungeweka jina tu. Herufi saba, umeshindwa!" Alirusha kijiwe. "Nimewaomba watu kwenye yale makundi mpaka wamenitoa. Wananiita kuwadi wa walimu. Nimevumilia. Leo mtu yuko hapa, kalamu nimekupa mwenyewe."

Mariana alitamani amguse bega, lakini wapita njia walikuwa wanafunzi wake, na kila mmoja alisimama akasema shikamoo mwalimu, na kila mmoja ilibidi aitikiwe.

Gari lilipotokea, Onesmo alisimama akajikung'uta vumbi. "Nitamleta," alisema bila kumtazama. "Mama akiondoka, namleta Limi. Asome hapa kwako."

"Hapa? Onesmo, kule la pili wako hamsini. Limi anasoma kitabu peke yake."

"Kwa hiyo hapa hapafai mtoto wako?"

Swali hilo lilipanda gari na kuondoka, na Mariana alibaki nalo pia.

* * *

Barua aliiandika, ukurasa mmoja na nusu. Akarudishiwa aifupishe. Akaandika tena, na ikawekwa kwenye jalada ambako itamngoja siku atakayostahili kupanda daraja.

Kati ya wale walimu wawili, alikuja mmoja. Aliitwa Bhoke, binti wa Tarime, sauti kama kengele, na begi lenye magurudumu ambayo mchanga wa Nyarugusu uliyameza siku ile ile. Wa pili alipewa shule ya ng'ambo ya mto, maana nao walikuwa na afisa wa kumlilia. Makoye alibandika karatasi mpya ukutani: walimu watano. Akaisogelea, akaisoma mara mbili kama mtu asiyeijua habari yake. Bhoke akapewa darasa la kwanza. Mariana akabaki na la pili, mia moja na tano, na wiki ya kwanza alijiona kama aliyepewa likizo. Aligundua kuna watoto ambao hakuwahi kusikia sauti zao. Basi akajiwekea utaratibu: kuuliza kwa safu, kila mtoto, hata anayejificha, mpaka wote waishe, ndipo aanze upya.

Limi alikuja Jumapili na sanduku la bati. Jumatatu akawa wa mia moja na sita. Aliketi safu ya kwanza, wanne kwenye benchi la watatu, sketi yake ya Isaka ikiwa na rangi nyingine.

"Tano mara sita?" aliuliza Mariana.

Mkono wa Limi ulikuwa wa kwanza hewani. Ulinyooka, ukatingishika, mwenyewe akaushikilia kwa mkono wa pili usishuke, midomo yake ikitamka jibu bila sauti. Ilikuwa thelathini, na alikuwa ameipata.

Mariana alimwona. Alikuwa amefikia safu ya saba, ambako wapo walioulizwa mara ya mwisho Alhamisi. Akapita mbele ya benchi la kwanza bila kusimama, gauni likagusa kiwiko cha mtoto, akaenda mpaka nyuma kabisa, kwa msichana aliyekuwa ameinamisha kichwa ili asionekane.

"Wewe, mama. Simama, usiogope. Tano mara sita."

Msichana alisimama. Alianza kuhesabu kwa vidole, polepole sana, na Mariana akangoja. Kule mbele mkono ulikuwa bado juu.